Joto la Nyumba ni Kosa la Nani?

Wazee walisema: Nyumba njema si mlango. Maana yake, usiisifu nyumba kwa kuitazama kutoka njiani. Fungua, ingia, keti, lala humo, ndipo utakapojua kama ni njema. Leo twataka kulitumia neno hilo kwa nyumba mpya zinazojengwa kila mwezi katika mji wetu wa Lubumbashi. Nasi twataka kuuliza swali ambalo kwanza laweza kuonekana dogo: nyumba ikiwaka joto kama tanuru, aliyekosa ni nani? Ni jua? Ni fundi? Ni mwenye nyumba? Ni wakubwa wanaotoa ruhusa ya kujenga? Au hakuna aliyekosa?

Swali hili hatukulitoa vitabuni. Tulilikuta katika parseli moja ya Katuba.

MAMA CHINI YA MWEMBE

Ilikuwa mwezi wa Oktoba. Kila mtu wa Katanga aujua mwezi huo: mijakaranda imekwisha kumwaga maua yake ya zambarau barabarani, mvua bado, vumbi limejaa kila mahali, na joto la mchana mara nyingi lapita digri 30. Tulikwenda kumwamkia mama mmoja aliyejifungua wiki tatu nyuma. Alikuwa amepanga chumba kimoja kati ya vyumba vinne vilivyojengwa kwa mstari, nyuma ya nyumba ya mwenye parseli. Vyumba vyenyewe vilikuwa vipya. Kuta zake za bloki za simenti zilipakwa rangi nzuri, milango ilikuwa ya chuma, na sakafu ya simenti iling'aa. Kutoka njiani ungesema: Huyu mama amebahatika.

Lakini hatukumkuta ndani. Alikuwa ameketi juu ya mkeka chini ya mwembe. "Hata usiku twalala hapa nje, Mwalimu," akatuambia. "Ndani mtoto hulia mpaka alfajiri. Mtazame, mwili wote umetoka vipele." Chandarua alichopewa na wauguzi kilining'inia juu ya kitanda, ndani, mtoto alikuwa nje pamoja na mbu. Baada ya siku chache mtoto akashikwa na malaria, akalazwa siku nne. Alipona, Mungu ashukuriwe. Ugonjwa uliletwa na mbu, hilo ni kweli. Lakini kilichomtoa mtoto katika chandarua chake ni joto, na joto hilo lilitoka katika paa.

Mwenye parseli ni mtu mwema. Hajamfukuza mpangaji kwa deni la mwezi mmoja, wala hawakatazi watoto kucheza uani. Tulipomweleza habari hiyo alisikitika kweli, kisha akatuuliza: "Lakini Mwalimu, mimi nimekosa nini? Kiwanja ni changu. Ruhusa ya kujenga niliiomba, nikapewa. Walikuja wakapima mipaka, wakatazama mahali pa choo. Hakuna aliyeniuliza habari ya joto. Sheria sikuvunja hata moja."

Siku ile hatukuwa na jibu. Tangu hapo tumelifikiri swali lake mara nyingi, na haya ndiyo tuliyoyaona.

JOTO LATOKA WAPI?

Asiyejua chanzo cha jambo hawezi kuhukumu kosa ni la nani. Basi, tuanze na jua lenyewe.

Mji wetu uko karibu digri 12 kusini mwa Ikweta, juu ya uwanda wa mita 1,200 hivi. Mwezi wa Juni na wa Julai usiku una baridi kali, hata chini ya digri 10, na mchana jua hupita upande wa kaskazini. Lakini karibu na mwisho wa Oktoba, saa sita mchana, jua husimama juu ya utosi kabisa. Simama uwanjani saa hiyo, utakikanyaga kivuli chako mwenyewe. Kwa hiyo, katika mwezi wa joto kuliko yote, kinachopigwa na jua zaidi ni paa kuliko ukuta. Jua kali laweza kulipasha bati mpaka lipite digri 60. Hapo bati lageuka mbabula iliyopinduliwa juu ya vichwa vya watu: makala hayaonekani, lakini joto lake lashuka mpaka kitandani.

Kama kuna dari, ile tuiitayo plafoni, na kama hewa yapita kati ya dari na bati, sehemu kubwa ya joto hilo huchukuliwa na upepo kabla ya kufika chini. Kama dari hakuna, na ukuta ni mfupi, na dirisha ni moja tu, joto halina pa kutokea. Tena dirisha hilo moja hufungwa usiku kwa kuwaogopa wezi. Bloki nazo zimelipokea jua la magharibi alasiri yote, na usiku zalirudisha ndani polepole, kama deni.

Waliotutangulia waliyajua mambo hayo. Paa la nyasi nene la kijijini halipitishi joto upesi. Nyumba za zamani za mji huu, tangu siku ulipoitwa Élisabethville, nyingi zilikuwa na dari za juu na baraza pana. Hata Kifaransa cha Kongo kiliazima neno letu, kikaliita "barza". Huko Ugriki, miaka zaidi ya 2,300 iliyopita, Xenophon aliandika jinsi mwalimu wake Sokrates alivyofundisha kwamba nyumba nzuri ndiyo ile yenye faida, na kwamba yafaa ielekee kusini, ipate jua wakati wa baridi na kivuli wakati wa joto. Kwetu sisi, tulio upande wa pili wa Ikweta, shauri hilo lapaswa kugeuzwa lielekee kaskazini, lakini hekima yake ni ileile.

Hata wadudu watufundisha. Pande zote za Lubumbashi kuna vichuguu vikubwa mno, vingine virefu kuliko nyumba. Mchwa wa vichuguu hivyo hulima uyoga ndani, na uyoga huo hauvumilii joto lipande na kushuka ovyo. Kwa hiyo wameijenga nyumba yao hivi kwamba hewa chafu yatoka, na joto la ndani halibadiliki sana. Mjini Harare kuna jengo kubwa liitwalo Eastgate, lililofunguliwa mwaka 1996. Mjenzi wake, Mick Pearce, alijifunza kwa vichuguu, na jengo lake hupozwa hasa kwa hewa ya usiku. Nasi tunavivunja vichuguu tupate udongo wa matofali, lakini maarifa yaliyomo hatuyachukui.

SHERIA YENYE JICHO MOJA

Labda mtu atasema: Wekeni sheria, mambo yatanyooka. Twakubali kwamba sheria yahitajiwa. Lakini kwanza tutazame yaliyotokea Ulaya, tupate kujua ni sheria ya namna gani.

Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafula, na serikali nyingi za Ulaya zikaanza kukaza kanuni za ujenzi ili nyumba zisipoteze joto wakati wa baridi. Kuta na mapaa yakajazwa vitu vya kuzuia joto, madirisha yakatiwa vioo viwili viwili, nyufa zikazibwa. Hilo lilikuwa jema, kwani moto mdogo ukatosha, na mafuta yakabaki. Lakini akili yote ilikuwa katika baridi. Mwezi wa Agosti 2003 joto kali likaingia Ufaransa, wakafa watu kama 15,000 zaidi ya kawaida, wengi wao wazee. Uchunguzi ulionyesha kwamba kulala katika chumba kilicho chini ya paa moja kwa moja kuliongeza hatari ya kufa. Ndipo watu wakaanza kuziuliza nyumba swali jipya. Wakaona kwamba hata baadhi ya nyumba mpya zilizosifiwa kwa kuhifadhi joto, hasa vyumba vya ghorofa vyenye vioo vikubwa upande mmoja tu, zina shida wakati wa kiangazi: jua laingia kwa kioo, lakini joto halijui njia ya kutoka.

Kwa hiyo Uingereza iliongeza sehemu mpya katika kanuni zake za ujenzi, nayo ilianza kazi tarehe 15 Juni 2022. Yahusu nyumba mpya. Yamtaka mjenzi apunguze jua linaloingia na aweke njia ya kutolea joto, na asiikimbilie mashine ya kupoza hewa kabla ya kujaribu njia nyingine. Tena yamwuliza neno ambalo mtu wa Katuba angelielewa mara moja: Dirisha la chumba cha kulala laweza kuachwa wazi usiku bila mwizi kuingia? Ufaransa nayo, kwa kanuni zilizoanza mwaka 2022, huipima nyumba mpya kwa joto la kiangazi pia.

Tutie moyoni fundisho hili. Wajenzi wale wa Ulaya walikuwa watiifu. Waliambiwa "zuieni joto lisitoke", wakalizuia. Sheria iliyotazama jambo jema moja tu ilisahau jingine, na walioteseka ni wale waliolala ndani.

Na sisi twafanana nao. Juni, kwa ajili ya baridi, kuna watu wanaoingiza mbabula chumbani, wakafunga mlango na dirisha na kuziba kila tundu. Wanatunza joto, lakini wanavuta hewa yenye sumu isiyo na harufu, na wengine hawaamki tena. Oktoba twateswa na chumba kilekile kwa sababu ileile: hewa haipiti. Wenye fedha nao hujenga nyumba za vioo vikubwa, wakategemea klimatizea. Mashine hiyo hailiui joto, hulihamisha tu. Hulitoa kwa tajiri na kulipuliza uani kwa jirani. Umeme ukikatwa, kwa ile delestaji tunayoijua sote, nyumba ya vioo yageuka tanuru kama chumba cha maskini. Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alizitaja mashine hizo kuwa mfano wa mazoea ya matumizi yanayozidi kukua bila kiasi.

ASIYEVUNJA SHERIA HAKUKOSA?

Sasa tulirudie swali la mwenye parseli. Katika kitabu cha Kumbukumbu la Sheria, sura ya 22, mna amri ya ujenzi. Waisraeli walijenga mapaa ya bapa, na watu hukaa juu yake. Mungu akaamuru kwamba ajengaye nyumba mpya azungushe ukuta mdogo kando ya paa, mtu asije akaanguka, na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Angalieni mambo mawili. Kwanza, amri hiyo haingoji mtu aanguke. Yafikiri juu ya anguko kabla halijatokea. Pili, hailindi uhai wa mwenye nyumba peke yake, bali wa yeyote atakayepanda juu. Ajengaye ana deni kwa watu asiowajua bado. Joto nalo lina hila kupita anguko: halina kishindo wala damu. Mtoto ahangaika usiku, mzee azidi kudhoofika, mfanyakazi wa mgodi aliyetoka zamu ya usiku ashindwa kulala mchana, kisha arudi mashimoni macho mazito. Hakuna atakayesema: Nyumba ndiyo iliyofanya hivi.

Mtakatifu Toma wa Akwino afundisha kwamba sheria ni agizo la akili kwa ajili ya faida ya wote, lililowekwa na mwenye kuwatunza watu, na kutangazwa kwao. Sisi wa mji huu twajua maana ya maneno "faida ya wote", kwani tuliwahi kuona kinyume chake. Wakati wa ukoloni paliachwa eneo tupu kati ya mji wa Wazungu na mtaa wa Waafrika, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Lakini afya ya nani? Toma huyohuyo asema pia kwamba sheria za wanadamu hazikatazi kila ubaya, bali hasa ule mkubwa unaodhuru wengine. Basi, kutovunja sheria ya serikali si kusema umetimiza yote. Sheria ni kama ukuta mdogo wa paa: wazuia mtu asianguke, lakini haumfundishi kupenda. Pale sheria inaponyamaza, dhamiri yapaswa kusema.

Hapo mwenye parseli angeweza kutujibu maneno matatu, nayo yastahili kusikilizwa.

La kwanza: "Nyumba ni mali yangu." Ni kweli. Lakini ulipomwingiza mtu mwingine na kupokea kodi yake, hukumwuzia kuta tu. Ulimwuzia mahali pa kulala. Mahali pasipolalika si mahali pa kulala, kama vile chungu kinachovuja si chungu.

La pili: "Mpangaji alikiona chumba, akakubali." Alikiona lini? Labda asubuhi, labda Juni, na joto halionekani kwa macho. Tena mtoto mchanga hakukubali lolote. Nawe mwenyewe hukulala humo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hapa ndipo tunapoiona haja ya sheria: yule anayejenga siye anayelala, na yule anayelala hakuwapo wakati wa kujenga. Sheria husema kwa niaba ya huyo asiyekuwapo.

La tatu ni zito kuliko yote: "Mkinidai dari, madirisha makubwa na mambo mengine, nitapandisha kodi, na maskini huyo mnayemtetea atalala wapi?" Hatuwezi kulipuuza neno hili. Sheria inayodai nyumba ya tajiri huwafukuza maskini mjini, na hilo nalo ni dhambi iliyovikwa nguo safi. Kwa hiyo tusidai mengi. Tudai yale madogo ambayo gharama yake ni ndogo kama yanafikiriwa kabla ya jiwe la kwanza, na huwa kubwa yakisahauliwa.

KUULIZA NENO MOJA ZAIDI

Nchi yetu haikukosa sheria za miji. Ilitolewa dekreti ya tarehe 20 Juni 1957 juu ya mipango ya miji, na mtu hujenga mjini kwa ruhusa. Hatuombi mlango mpya wa kupitia. Twaomba tu kwamba katika mlango uleule wa zamani mtu aulizwe neno moja zaidi: Joto la chumba hiki litatokea wapi?

Ukuta uwe mrefu wa kutosha, na chini ya paa paachwe matundu pande mbili, yenye wavu wa kuzuia mbu. Kila chumba cha kulala kiwe na matundu mawili yanayotazamana, na dirisha liwe na vyuma ili liachwe wazi usiku. Chini ya bati pawe na dari, hata ya mikeka au ya mbao nyepesi. Asiyeweza kuweka dari alipake bati rangi nyeupe, kwani rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua. Nyumba ielekeze kuta zake ndefu kaskazini na kusini, na zile fupi mashariki na magharibi, ambako jua hulala chini na kuchoma. Na mti usikatwe bila sababu. Kugeuza nyumba iliyo katika karatasi ni bure. Kugeuza iliyokwisha simama haiwezekani.

Lakini sheria hiyo iwe ya kupimika kwa kamba ya fundi na kuonekana kwa macho ya kila mtu. Kanuni isiyopimika ni shamba la matabishi: mkaguzi atasema "hapa pana joto", mwenye nyumba ataingiza mkono mfukoni, na joto litabaki palepale. Tena ianze na wale wanaojenga ili kupangisha, kwani hao ndio wanaojenga kwa ajili ya usingizi wa wengine.

TULIYOYAONA BAADAYE

Tulirudi kwa mwenye parseli. Hatukumhubiria. Tulimwomba jambo moja tu: aketi pamoja nasi katika chumba cha yule mama, saa nane mchana, mlango umefungwa. Akakubali, akicheka. Baada ya robo saa alitoka, akajipangusa uso, asiseme neno. Juma lililofuata tulimkuta fundi akitoboa matundu chini ya paa. Vyumba viwili vimekwisha, na mama yule na mtoto wake walala ndani, chini ya chandarua chao. Viwili vingine bado. Asema angoja fedha, nasi twazidi kumkumbusha.

Lakini tusiseme habari za kosa la mwenzetu tukanyamaza juu ya letu. Kwa miaka kadhaa tulifundisha watoto katika chumba kimoja cha bati, bila dari, saa za alasiri. Oktoba na Novemba watoto walisinzia. Nasi tuliwaita wavivu, tukawasimamisha ukutani, hata wengine tukawarudisha nyumbani. Haikutujia kamwe kuangalia juu. Sisi tulisimama mlangoni, penye upepo. Wao walikaa katikati, chini ya bati. Leo tumeyahamisha mafundisho, yapo asubuhi na chini ya mti, na wale waliokuwa "wavivu" ndio wanaojibu upesi kuliko wengine.

Basi, wasomaji wapenzi, wakati tunaingoja sheria iliyo njema, kila mtu mwenye chumba cha kupangisha, au darasa, au hata chumba cha watoto nyumbani kwake, achague siku moja ya Oktoba. Saa nane mchana aingie humo, afunge mlango, aketi robo saa bila kusema. Akitoka, atajua mwenyewe kama amekosa au hakukosa, na fundi wa kumwita atamjua.